Haiko Kansere, Lakini Jicho Inazimika

Koko Eulalie, mama muzee wetu wa radio, unisaidie, ju hapa kwetu sina mwenye naweza ambia hii neno.

Mimi ni mama wa Nyangezi, bwana yangu Cyprien iko anachimba zahabu kule Shabunda, alienda mutoto wetu wa mwisho hajatembea na sasa anakimbia, na mimi kichwa ikaanza kuniuma, jicho ya kushoto ikaona kama mu moshi, nikashuka Bukavu, wakanipitisha mu scanner, docteur akasema kuko kivimbe mu kichwa, haiko kansere, inakua polepole, lakini inakandamiza mushipa ya jicho. Akasema ingekuwa kadogo na hainisumbue, tungeichunga tu na kupiga picha mara kwa mara, kuko pia kuichoma na mionzi, ila kwangu, ju ya jicho, anaona muzuri kupasua. Nikasikia «haiko kansere», nikarudi na furaha, shemeji Parfait akasema, «Kama haiko mubaya, ya nini wakupasue? Achana nayo ilale.»

Koko, naogopa nitalala pale nisiamuke. Na kuko ingine: wananyoa nywele. Kwetu anayenyoa kichwa ni mujane. Mama-mukwe akiniona na upara, atasema nimemuitia mutoto wake kifo kule mu machimbo. Basi namungojea Cyprien. Anapanda mulima kutafuta réseau ya telefone, ananiuliza, «Mama Rosette, uko bien?» Najibu niko bien. Akikata, nabakia na telefone ku shavu mpaka inapoa. Natamani nimuone kwanza, anifungue kitambala ya kichwa na mikono yake, halafu wapasue. Ni vibaya kungojea?

Pascaline


Pascaline mutoto wangu,

Shule sikuisoma, barua yako wamenisomea, nikaomba wairudilie. Uogope, ni haki yako. Kichwa haiko muhogo. Lakini ulisikia neno moja ukakimbia nayo! Haiko kansere, maana yake haitasambaa mu mwili. Nani alikuambia itakuachia jicho? Parfait? Ile jicho ni ya Parfait?

Docteur akingoja, anangoja na picha mu mukono. Wewe unangoja bure. Unataka kumuona Cyprien, sasa akifika na hauone tena? Mushipa ikikandamizwa sana, hata watoe kivimbe, kuona hakurudie kila mara.

Wiki hii urudi kwa docteur, na mutu mwenye hatalia mbele yako. Umuulize: nikingoja, napoteza nini? Kupasua iko na hatari gani kwangu, na nani atapasua? Mionzi inaweza kunitosha? Na nywele, munanyoa zote ao kipande? Mara mingi ni kipande tu, na wewe ulishajinyoa muzima mu mawazo.

Mama-mukwe, usimufiche. Cyprien mwenyewe amupigie telefone mbele wembe haijagusa kichwa yako, asikie sauti ya mutoto wake muzima: «Mama, bibi yangu watamunyoa, ni mimi nimekubali.» Atalalamika nini tena?

Lakini Cyprien atasema nini kama hajue kitu? Hapo njo nakugombeza. Unamutamani hivyo, na kila mara unamupatia uongo! Akipiga, umuambie: niko mugonjwa, naogopa, nakutaka hapa. Akipata njia, atakuja. Asipopata, wakupasue bila yeye, na yeye alie kule Shabunda. Umuache alie, mama. Ni bwana yako.