Nimebandua Karatasi za Sebuleni, Nimekuta X

Shikamoo Mama Asifiwe, nisaidie kabla ya Jumamosi. Karatasi za ukutani sebuleni kwetu Madale zilikuwa zimevimba malengelenge, na mnunuzi wa nyumba anakuja kusaini siku hiyo, basi mume wangu Elibariki akaniambia, "Bandua hizo, ziba mashimo, piga rangi, asije akaona unyevu," nikachukua kisu nikaanza kukwangua, Mama, nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio: X kubwa nyekundu, na chini yake BOMOA! Ukuta ule zamani ulikuwa wa nje, wa barazani, na mwaka juzi nilipotoka Bukoba kujifungua nilikuta baraza imezungushiwa ukuta imekuwa sebule, karatasi za maua kila upande, nikampigia vigelegele mume anayejali, kumbe! Nimemuuliza, hakukana, kasema, "Wewe paka tu bwana, mbona wabomoaji wa serikali hawajaja mpaka leo?" Nimeshapiga mikono mitatu ya rangi nyeupe, na ile nyekundu bado inachungulia, na mnunuzi ni Loveness wa kwaya yetu, mjane, analeta mafao yote ya marehemu mumewe. Nikisema, ndoa inavunjika, nikinyamaza, nitasimamaje naye kuimba? Nifanyeje?

Felicitas, Madale

Marahaba Felicitas, na pole. Jamani! Mtu anajenga sebule nzima kuficha alama? Chai yangu imepoa nikisoma barua yako. Lakini na wewe subiri kidogo. Mkono wa kwanza ulipaka kwa mshtuko, nakusamehe. Wa pili na wa tatu ulijua kabisa unamfichia nani.

Weka rola chini leo hii. Kesho asubuhi nenda serikali ya mtaa, ulizia kama alama hiyo bado ina nguvu, na kama mna haki ya fidia. Elibariki akigoma, nenda peke yako. Umkumbushe pia kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yako, na saini hiyo usiitoe. Unaogopa ndoa? Aliyekulaza na kichanga ndani ya nyumba hiyo bila kukwambia ndiye wa kuogopa.

Kisha Loveness. Usimtumie meseji. Mwite auone ukuta kwa macho yake kabla hajatoa hata senti. Atalia, atakusema, na kwaya nzima itajua. Kaa naye hapohapo. Afadhali alie leo kwenye kochi lako, mafao yake yakiwa benki, kuliko alie na wanawe mbele ya katapila.