Kipande cha Makala Ndani ya Kitenge cha Maman

Cimpunda, Bukavu, tarehe 16 Mai 2024

Kwako Yaya Anaclet,

Nakusalimia sana, yaya yangu, kaka yangu mukubwa, wewe na wenzako wote wa kule Luhwindja. Mwili unasemaje? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepona, ao ungali unashuka ndani ya shimo la dhahabu na kikohozi chako? Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Mutoto wangu Merveille alipita examen ya hesabu, sasa anatembea kama waziri. Mimi niko na afya, lakini moyo hauko mahali pake, na sababu unaijua.

Najua mujomba wetu, tonton Barthélemy, alikupigia simu. Alikuambia maman anasimama kwenye mulango analia, ananiuliza kitu, na mimi mutoto wake naendelea kuchambua maharagwe kama sikusikia. Sasa umetuma ujumbe kwamba Jumamosi unakuja kumuchukua umupeleke Miti, kwenye chumba cha maombi, na mimi nisiseme kitu. Yaya, nitasema. Naandika barua kwa sababu kwa simu unanikatia, na nyumba yetu ni ya mbao, maman anasikia yote. Jirani yetu Jacques atapanda huko kesho asubuhi na pikipiki yake, atakufikishia. Soma mpaka mwisho, kisha ukasirike ukitaka.

Tonton hakudanganya. Ni kweli, maman akiniuliza, simujibu.

Unajua namna ilianza. Maman alikuwa akizima babula, lile jiko letu la makaa, anatoka, anarudi kuangalia kama makala yamezimika kweli. Tulisema ni uangalifu. Huku nyumba zimeshikana, moto ukianza kwa mutu mumoja unakula avenue nzima, na majirani walimusifu sana. Lakini mwaka jana alifikia kurudi mara makumi mawili. Alimwaga maji mpaka tukakosa makala makavu ya kupikia. Alitia kiganja ndani ya majivu ili ahakikishe, mpaka kikaungua. Aliacha kuuza ndagala, wale samaki wake wadogo, sababu akifika kwenye kona tu anageuka. Na siku nzima anauliza: babula imezimika? Tunajibu: imezimika, maman. Anatulia dakika tano, anauliza tena. Hata wewe alikuwa anakupigia kule kwenye mashimo, na ulimuambia imezimika, wewe ambaye hukuiona!

Kisha akaanza kubeba kipande cha makala kilichozimika. Alikifunga kwenye pindo la kitenge, pale wamama wengine wanafunga pesa. Ndani ya misa, padri akiinua ostia, maman anafungua fundo, anakitazama kama kingali cheusi. Siku ya kwanza nilicheka. Nikikumbuka naona haya.

Mwezi wa tatu infirmière mumoja wa kituo cha afya aliona kile kiganja kilichoungua, akatutuma kwa psychologue, muganga wa mambo ya akili, anayeitwa Muganga Théodore. Nilienda nikiogopa, nikifikiri atasema ni wazimu. Alisema ni ugonjwa unaojulikana, kwa Kifaransa wanauita TOC. Wazo moja linamushika mutu kooni, halimuachi mpaka afanye kitu fulani, na akikifanya linaondoka kidogo tu, kisha linarudi na nguvu zaidi. Maman alisikiliza, akauliza kama kuna watu wengine wenye ugonjwa huo. Alipoambiwa wako wengi, alilia sana. Alisema miaka yote hii alidhani ni yeye peke yake duniani.

Sasa anameza dawa kila asubuhi, na kuna mazoezi. Anazima babula mara moja, anaifunika, anaondoka, anakaa na hofu yake mpaka ipungue yenyewe. Kazi ya pili ni yetu. Muganga aliniambia nihesabu siku nzima tunamujibu mara ngapi. Nilihesabu arobaini na saba. Akasema, kwa upole, kwamba kila jibu letu lilikuwa linalisha ugonjwa. Tukapatana, na maman mwenyewe alikubali mbele yangu, kwamba akiuliza juu ya babula, tunyamaze.

Wee, yaya! Mutoto gani anamunyamazia mama yake? Sisi tulilelewa kuitika hata kabla ya kumeza chakula. Juma la kwanza aliniuliza kama si yeye aliyenizaa. Nilikuwa naenda kulia nyuma ya choo, narudi nimekaza uso. Tonton alinikuta na uso huo, nikichambua maharagwe. Lakini jana maman alirudi kwenye babula mara sita tu. Sita! Na juzi tulifika naye soko, akauza ndagala beseni nzima, akagombana na muteja kama zamani.

Sasa ile niliyokuficha. Mwezi wa pili nilikuambia maman yuko kwa tantine Francine, Kavumu. Ulikuwa uongo. Nilimupeleka kule kule Miti, kwenye chumba cha maombi, siku tisa. Walisema ni pepo wa moto, wakamufungisha, bila chakula. Siku ya tatu akataka kutoka kwa nguvu ili arudi nyumbani kuangalia babula, wakaleta kamba. Ni mimi nilimushika mikono ili wamufunge. Mimi, Anaclet, si mwingine. Hakunilaani. Alinitazama tu, akaniuliza kama babula ya nyumbani imezimika. Nikajibu, ndiyo maman, imezimika, na nikaendelea kumushika mpaka kamba ikakaza. Zile alama ulizoziona wakati wa Pasaka, alizokuambia ni maji ya moto, ni za kamba ile. Alinifichia aibu yangu.

Kwa hiyo Jumamosi ukija, karibu kwenu. Lala, na Jumatatu twende wote kwa Muganga Théodore, umuulize yote, hata umugombeze. Lakini ukija na gari ya Miti, utanikuta nimekaa kwenye mulango, na itabidi unifunge mimi kwanza.

Wasalimie Gentil na Destin. Merveille anakusalimia, anauliza zawadi ya examen. Tonton nimemusamehe, ila ndagala zetu hataonja juma hili.

Naandika hivi maman amesimama mbele yangu. Ameniuliza mara tatu. Sijajibu. Sasa amefungua fundo la kitenge, ameniwekea kile kipande cha makala juu ya meza. Amesema nikitie ndani ya bahasha, wewe mutoto wake mukubwa ukishike, na kesho jioni atakupigia umuambie kama kimezimika.

Nimekitia. Tangu mwaka jana ni leo tu fundo lake halina kitu. Ukikishika utasikia ni baridi kabisa. Atakapokupigia, umuulize habari ya soko, na ya yule muteja aliyegombana naye, umuambie unamupenda. Akikuuliza juu ya makala, nakuomba, yaya yangu, nyamaza pamoja nami.

Ni mimi mudogo wako,
Chantal