Dawa Isiyotajwa

Jumatatu, 3 Machi
Nimefagia uwanja. Nimemeza kidonge cha presha. Zuhura, mke wa mwanangu, amekwenda kliniki kwa bodaboda na mimba yake pevu ingawa nilimkataza. Uzazi wa kwanza alivuja damu, nusura afe. Sasa amekubali kuingia katika utafiti. Akijifungua atapata sindano ya kawaida kama wote, kisha ama dawa mpya ya kuzuia damu, ama maji ya chumvi yanayofanana nayo. Hata daktari hatajua ni ipi. Nilimsomea karatasi ya ridhaa mara mbili. Imeandikwa vizuri. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Mama yake Zuhura, Bi Somoe, amefika kutoka Nakapanya na korosho. Pia mizizi ya kuharakisha uchungu. Nimesema hapana. Amecheka.
"Mwalimu, mimi nimezaa saba kwa mizizi hii. Wewe umezaa wangapi kwa chaki?"
Mmoja.

Ijumaa, 7 Machi
Zuhura ameinywa mizizi. Ameniambia huku akilia. Nimekasirika. Mkunga alieleza wazi: aliyekunywa dawa ya kienyeji aseme, hafukuzwi kwenye utafiti, ila ataangaliwa kwa karibu zaidi. Lakini kwao dawa hii haitajwi nje ya nyumba. Ikitajwa huko, mtoto hukwama. Nikisema mimi, Zuhura ataingia leba akiamini nimemfunga kwa ulimi wangu.

Jumamosi, 8 Machi
Uchungu ulianza alfajiri, mkali mno. Njiani nikamwambia Bi Somoe, "Mkwe, usiitaje. Ionyeshe."
Alinitazama. Tulipofika wodini alifungua pindo la kanga, akaiweka mizizi mezani pa mkunga. Kimya. Mkunga hakuuliza jina. Aliinusa, akaandika, akamwita daktari. Hawakumwacha Zuhura peke yake hata kidogo.
Mtoto wa kike! Damu ya kawaida tu! Bi Somoe alipiga vigelegele, nami nikapiga. Muuguzi akaja mbio: "Bibi zangu, jamani, hapa ni wodini!" Maisha yangu yote nimenyamazisha watu. Leo sikunyamaza.

Jumanne, 11 Machi
Wamerudi nyumbani. Mvua. Bi Somoe anasema kilichomwokoa Zuhura ni mizizi. Mimi nasema ni macho ya wakunga. Huenda ni dawa mpya. Huenda Zuhura alipewa maji ya chumvi. Watafiti watajua watakapojumlisha matokeo ya wanawake wote, naye yumo.
Mtoto amelala mapajani pangu. Chai imepoa. Siinuki.