Mwanamke Aliyegombana na Mama Yangu

Jumapili, usiku. Mvua imekatika sasa hivi na Kasulu yote ni matope mekundu.

Leo sikwenda kanisani. Nilimwambia mume wangu kichwa kinaniuma. Alipoondoka na watoto, nikapanda bodaboda mpaka karibu na ilipokuwa kambi yetu ya wakimbizi ya Mtabila, nikashuka, nikaingia msituni.

Nimekuwa nikienda huko tangu mama afariki.

Kambi ilipofungwa, mama alirudi Burundi na kaka yangu Libere. Mimi nilikuwa nimeshaolewa na mtu wa hapa, nikabaki. Mwezi uliopita Libere alinipigia simu kunieleza kwamba mama amefariki na wameshamzika. Nikatandika mkeka hapa nyumbani. Majirani walikuja, wakanipa pole, wakanywa chai, wakauliza aliumwa nini. Ni watu wema. Lakini hakuna hata mmoja aliyemjua. Mume wangu mwenyewe alimwona mara chache, na kila mara mama alikuwa kimya, akimwonea haya mkwewe.

Namlilia mtu ambaye mji mzima haumfahamu.

Sisi tulimwita Mawe, ndivyo Kirundi chetu kinavyomwita mama. Wanangu wakisikia wanacheka, wanadhani nasema mawe ya barabarani. Msituni naweza kuita Mawe kwa sauti na hakuna wa kucheka. Miti imechipua upya na ardhi inanukia mvua. Zamani tuliokota kuni humo, mimi na yeye. Nikishalia nakaa chini, kifua kinatulia. Sijapata mahali pengine panaponipa utulivu huo.

Leo kuna mtu alinisikia.

Alikuwa mama mmoja wa makamo, Muha wa kijiji cha jirani, amebeba kapu la uyoga. Nikafuta machozi, nikamwamkia. Aliitikia, akanitazama.

"Unalia Kirundi," akasema. "Wewe ni wa wale wa kambini?"

"Ndiyo, mama."

"Mlitumalizia miti ninyi. Hapa palibaki peupe. Hii yote unayoiona imeota mlipoondoka."

Alisema kweli. Nikasimama niondoke. Akaniuliza namlilia nani. Nikamwambia mama yangu, mama Libere.

Akatua kapu.

"Mama Libere yupi? Yule mrefu mwenye pengo?"

"Ndiye huyo," nikasema. Nikakaa tena.

"Yule mwanamke tulipigana," akasema. "Humu humu msituni. Nilimkuta anakata mti wetu mbichi, nikamnyang'anya panga. Akanivua kilemba, akakitupa kwenye matope. Nikaenda nyumbani nalia kwa hasira. Kesho yake namwona anakuja mpaka mlangoni kwangu na chupa ya mafuta ya mgao wa kambini. Akaiweka chini, akageuka, akaenda zake."

"Hakukuomba radhi?"

"Hata neno moja."

Nikacheka. Nililia pia, lakini kwanza nilicheka. Huyo ndiye mama yangu. Maishani mwake sikuwahi kumsikia akimwomba mtu msamaha. Akikuchapa kwa hasira, jioni unakuta ndizi iliyoiva chini ya shuka lako, na ole wako uitaje. Nilikuwa nimeanza kumsahau huyo. Kwa mwezi mzima nimekuwa namlilia marehemu mpole ambaye watu walinipa pole kwa ajili yake.

Yule mama aliuliza amefariki lini. Nilipomwambia, alitazama juu kwenye matawi.

"Mafuta yake tuliyala," akasema. "Nami sikumwambia asante."

Akakaa karibu yangu. Ndege walikuwa wakilia, na matone ya mvua ya jana yalidondoka kutoka kwenye majani. Nilijisikia nimekaa matangani kwa mara ya kwanza, na mfiwa mwenzangu ni mtu aliyepigana na marehemu.

Wa kwangu walirudi kutoka kanisani wakanikuta jikoni. Mume wangu akauliza kama kichwa kimepoa. Nikasema kimepoa, na huo haukuwa uongo.

Sasa nyumba imetulia na upweke umerudi palepale, sitajidanganya. Ila kuna jambo moja ninajiuliza na sipati usingizi.

Hapa Kasulu, ni nani mwingine aliyewahi kugombana na mama yangu? Nataka kuwatafuta wote.