Praline amezaa weusi

Divine, soma yote mbele ya kunijibu.

Praline, ile imbwa yangu spanieli ya rangi ya shokola, kahawia, amezaa. Watoto wawili ni weusi. Weusi kabisa, na weupe kidogo mu kifua.

Unajua nilimuacha kwa mchumba wangu Jean-Marie wakati nilienda Bukavu, juu dume yake imupande. Nayo iko ya shokola. Jean-Marie aliapa Praline hakutoka mu parseli, mu kiwanja yake.

Leo docta wa wanyama alikuja kuwaangalia. Akaniuliza baba yao iko rangi gani. Nikasema shokola, kama mama.

Akanijibu: "Sidonie, shokola inatokea tu kama mtoto hakupata nyeusi kwa baba wala kwa mama. Shokola mbili haziwezi kuzaa mweusi. Weupe wa kifua hausemi kitu, lakini hii nyeusi inasema baba ni mwingine."

Spanieli dume nyeusi mu Uvira miye najua moja tu. Ya Safi wa Kalundu, ule Jean-Marie alisema walishaachana.

Nikamuita Jean-Marie, nikamuonyesha watoto. Hakuuliza juu ya nini wako weusi. Aliuliza tu, "Nani mwingine amewaona?"

Rudia kusoma hiyo, Divine. Nani mwingine amewaona.

Nikapiga picha mbele ya macho yake, nikamutumia Safi.

Safi akajibu palepale: "Wazuri sana. Wamefanana na imbwa yangu. Mwambie Jean-Marie asisahau, aliniahidia mumoja."

Jean-Marie bado amekaa hapa, anaangalia chini. Kuja, tafazali.