Vigingi vya Linus

Kijijini Yakobi, Juni

Linus,

Sisi ni wazima, ingawa hukuuliza. Viazi tumeshavuna, na jirani yetu Oktavia kajifungua mtoto wa kike.

Nimeona kwenye simu picha yako umesimama mbele ya michoro ya mradi wako wa mwisho wa chuo, "Makazi ya Mjane wa Nyanda za Juu". Eti umepata alama za juu. Hongera. Mjane mwenyewe mpaka leo hajui kwamba ulikuwa mtihani. Ulipopigilia vigingi uani, ukavuta kamba na kumwuliza angependa jiko likae wapi, mama aliamini mwanawe anaanza kujenga. Akawatangazia kina mama wote wa kanisani. Kigingi kimoja kilikaa mlangoni mwa jiko lake, basi akalibomoa kwa mikono yake ili mafundi wakija wasipate kikwazo.

Sasa anapikia nje na baridi hii, anakohoa. Nikitaka kung'oa vile vigingi ananifukuza na fimbo, anasema nitamharibia Linus vipimo.

Basi sivigusi tena. Njoo uving'oe wewe, yeye akikutazama.

Dada yako,
Angela