Dada, Nikabu Yako Ilikuwa ya Jua

Dada yangu, we uliyenitangulia kwa kila kitu,

Mwaka unakaribia kuisha tangu tukuzike, na mi bado nakuonea wivu.

Nakumbuka daktari alivyotueleza ile lupus yako. Alisema askari wa damu hukulia ndani ya mifupa, na wale wanaoelekea kupiga mwili wao wenyewe huondolewa wangali wachanga. Wako waliachwa wakakomaa, wakaingia kwenye ngozi, viungo na figo. Mama akauliza, "Daktari, hata mu damu ya mutoto wangu kuna vita?" Nje risasi zilikuwa zinalia upande wa milimani, na daktari akaendelea kuandika dawa.

Akakukataza jua. Ukaanza kutoka na nikabu na glavu, na mtaa wetu wote wa Buyenzi ukasema umeshika dini. We, ambaye nilikuamsha uswali alfajiri mpaka nikachoka. Ulicheka tu: "Waache, mi nakimbia jua."

Mi nilikuwa nauza sambusa mbele ya gereji ya Hamisi, uso wazi, kitenge kizuri kila siku kwa ajili yake. Naye akatuma wazee wamposee yule binti mcha Mungu, yaani wewe. Ulimweleza ukweli wa ugonjwa, akakuoa hivyo hivyo. Siku ya harusi nilipika pilau nikasema moshi ndio unaniliza.

Vikwazo walivyoiwekea nchi yetu vilipomaliza dawa madukani, alivuka mpaka hadi Uvira, Kongo, kukutafutia, barabara ikiwa ya hatari. Dawa zilikuvimbisha uso, bado akakuita mrembo. Mi sikuvimba popote, na hakuna aliyeniita hivyo.

Sasa wazee wanataka niingie nyumbani kwako, kama desturi yetu ilivyo, mdogo kushika nafasi ya mkubwa. Hamisi alikuja mwenyewe juzi. Nilikuwa nimeoga, nimejitia manukato. Akakaa, akafumba macho.

"Endelea kuongea," akaniambia. "Sauti yenu ni moja. Nikikusikia, naona kama hajafa."

Nimemkataa, dada. Wazee wananisifu, wanadhani nakuheshimu. Apana. Nimemtaka tangu siku za sambusa na leo bado namtaka, lakini siwezi kulala kando ya mtu anayekusikiliza wewe.

Mungu akulaze pema. Nakuombea hivyo kwa moyo wote, na wivu uko palepale.

Mimi, mdogo wako wa tumbo moja